Mkono Uliofika Sikioni

Simu mpya haina harufu ya mtu. Mwanangu aliikata nailoni ya boksi kwa ukucha, akafunua kifuniko, akanisogezea ile simu karibu na uso nione ilivyo nyembamba. Badala ya kuitazama, nikainusa. Plastiki tupu. Nikamrudishia.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwangu Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya tatu, juu ya duka langu la ndoo na mabeseni. Nilikuwa nimeitiwa kikao. Nyumba nimeijenga mwenyewe, nami naitiwa kikao ndani yake. Tulikuwa tunaamua kama mjukuu wangu Nasra, mwenye miaka kumi, amefikia kupewa simu au bado. Simu imeshanunuliwa, iko mezani, ndipo watu wanakaa kujiuliza kama mtoto amefikia. Ningekuwa nanunua mzigo wa duka kwa mtindo huo, leo ningekuwa bado nauza vitumbua barazani kama mama yangu.

Mkwe wangu, mama yake Nasra, alikuwa na karatasi. Kaitoa huko huko kwenye simu yake, kaipeleka steshenari ikachapwa, ina maswali kumi na manne na vijiboksi vya kuweka tiki. Je, mtoto hupoteza vitu vyake? Je, akiambiwa basi, huacha? Je, husema ukweli akikosea? Alisoma moja moja kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na kila swali mwanangu anashika kidevu kwanza, anafikiri, kisha anasema weka tiki. Nasra mwenyewe amekaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama anayesubiri sindano. Tiki zikatosha. Mwanangu akanigeukia.

"Mama, tunaomba baraka zako tu. Wataalamu wanasema dalili zote anazo."

Nikamuuliza huyo mtaalamu amelea wangapi. Hakujua. Nikawaambia wanipe mpaka kesho yake, nikaenda zangu chumbani nikajilaza, na wala sikuwa nimechoka. Nyie wa rika langu mtanielewa. Mimi nilishawahi kupimwa kama nimefikia simu. Nilifaulu mbele ya mtaa mzima, na kufaulu kwangu kulimnyima mtu kitu ambacho hakuna wa kumrudishia.

Tulikuwa tunapanga chumba kimoja, mama na mimi, katika nyumba ya vyumba sita hapo hapo Narung'ombe. Mama alitoka Newala, na nusu ya nyumba walikuwa watu wa kusini kama sisi. Uani bomba moja, choo kimoja, na kila asubuhi moshi wa kuni za mama ukipita ukumbini kuwatafuta waliolala. Kwenye kona palikuwa na duka la Mzee Salim, na katika duka la Mzee Salim palikuwa na simu. Mtaa mzima simu moja.

Mzee Salim alikuwa mtu safi kupita kiasi. Kanzu haina doa, ndevu zina hina, sabuni za mche zimepangwa kwa mstari utadhani zinaswali. Simu ilikaa ndani, nyuma ya kaunta, juu ya kistuli chake, nyeusi, nzito, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kwenye kile kisahani cha kuzungushia namba alikuwa ameingiza kikufuli kidogo, asije mtu akaizungusha yeye hayupo. Wa kupigiwa hakumtoza kitu. Alichotaka ni mtaa umjue. Simu ikiita, aliiacha iite mara tatu nzima ili jirani wote wasikie, ndipo anaigusa. Nilikuwa mtoto nikadhani ni heshima. Ilikuwa ni maringo tu.

Akishasikiliza alikuja mlangoni akatamka jina la anayetafutwa, na sisi watoto tuliokaa pale barazani tunachomoka. Mwenye mbio ndiye anayefika kwanza kusema, "Unaitwa simu." Mimi ndiye nilikuwa mwenye mbio. Ukilitamka neno hilo uani, mwanamke anaacha samaki kwenye mafuta. Wengine walikuwa wanaingia kwanza chumbani kubadili kanga, wanatoka na ile ya sikukuu, kana kwamba anayepiga kutoka Tanga atawaona. Mama yangu naye alifanya hivyo, mara moja tu aliyowahi kupigiwa. Tulikuwa washamba, na sitaki mtu aje kuniambia hatukuwa.

Mimi nilikuwa na imani yangu kuhusu ile simu. Niliamini mtu anayepiga anakuja. Anatembea na waya mpaka dukani, anasimama upande wa pili wa kile kidude cheusi kama mgeni anavyosimama nyuma ya mlango, na kule kuita ndiyo hodi yake. Kufuli nililiona kwa macho yangu. Kwa hiyo mlango upo.

Basi mpwa wa Mzee Salim, aliyekuwa anamshikia simu akienda kuswali, akahamia kwa baba yake. Mzee Salim akabaki peke yake, na adhuhuri lazima aende msikitini. Akataka mtoto wa kukaa na simu kwa ile nusu saa. Akatupanga mstari mbele ya duka, watoto saba, akasema atatupima kama shule inavyopima. Nyie mnakijua kile kipimo. Unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, unatafuta sikio la kushoto. Vidole vikilishika, umefikia umri. Visipolishika, rudi kwa mama yako. Wizara nzima na wasomi wake, na hicho ndicho walichokuwa nacho: urefu wa mkono.

Mimi shule ilishanikataa mwanzoni mwa mwaka kwa kipimo hicho hicho, na ule ukataaji ulinifundisha kuliko ambavyo shule yenyewe ilikuja kunifundisha. Nilijua sasa kwamba ukipandisha bega na kuinamisha shingo kidogo, kama anayesikiliza kitu, sikio linapanda kukutana na vidole. Nikafanya hivyo. Vidole vikashika.

Kulikuwa na mvulana anaitwa Shabani. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, chenye akili ndani, na huo ukubwa ndio uliomwangusha. Mkono haukufika. Ila kabla hajatolewa mstarini aliuliza swali. Aliuliza, mtu akipiga akasema niitie fulani, na wewe unatakiwa ukamwite, ile simu unaifanyaje? Mzee Salim akamwambia ambaye mkono wake haujafika hana swali. Watoto wakacheka. Nikacheka mimi kuliko wote.

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Mafunzo yangu yalikuwa matatu. Nioshe mikono kabla. Niseme, "Duka la Salim, shikamoo." Na nikimaliza, mkonga wa simu niurudishe mahali pake na kitambaa nikifunike, pembe zikae sawa. Hilo la tatu alilirudia mara nyingi, maana kitambaa kilifumwa na mkewe.

Siku mbili haikuita. Nilikaa pale nyuma ya kaunta nikiwatazama wenzangu barazani kwa jicho la dharau ambalo hata leo sijalipoteza. Siku ya tatu mvua ya masika ilikuwa inashuka tangu alfajiri, Narung'ombe yote tope, barazani hakuna mtoto hata mmoja. Mzee Salim ameshika mwavuli kaenda kuswali. Simu ikaita.

Niliiacha iite mara tatu. Nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Nilipoiweka sikioni, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa ni harufu. Midomo ya mtaa mzima ilikuwa imekaa mle: tambuu, karafuu, dagaa, dawa ya meno ya wale wa ofisini, na chini ya yote harufu ya chuma kilichoshikwa sana. Kwangu ilikuwa ushahidi kwamba watu wamo. Kwanza akazungumza mwanamke wa posta, akasema Lindi, ongea. Kisha sauti ya mwanamume, mbali, kama ameinamia pipa.

Nikasema yangu, duka la Salim, shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Niitie Mama Tausi. Mwambie kaka yake wa Lindi. Upesi."

Nikamwambia, "Subiri hapo hapo, mjomba, nakuja naye."

Akasema, "Nasubiri."

Sasa nisikilizeni. Nyumbani kwetu mtoto wa kike alifundishwa hivi: mgeni akibisha na wakubwa hawapo karibu, unamsalimia, unamwambia asubiri, unarudishia mlango, unaenda kumwita mkubwa. Humwachi mtu usiyemjua mlangoni na mlango uko wazi. Mama alikuwa amenichapa kwa hilo. Na Mzee Salim naye kasema kila kitu kirudi mahali pake. Nilikuwa nimelelewa vizuri pande zote mbili. Nikaurudisha mkonga, taratibu, nisimgonge yule mjomba. Nikafunika kitambaa. Nikanyoosha pembe.

Halafu nikakimbia.

Mama Tausi alikaa chumba cha mwisho, jirani yetu, msusi. Alikuwa ukumbini kamkalisha mwanamke chini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima. Nilipomwambia ni kaka yake, Lindi, hakubadili kanga. Alitoka na mafuta ya nazi mikononi, kitana kwenye nywele zake mwenyewe, tope mpaka magotini, akaingia dukani. Akaikuta simu imefunikwa.

Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Nikasema, "Yumo. Nimemwambia asubiri."

Akaondoa kitambaa, akainua mkonga, akasikiliza. Mimi pale chini nilisikia ule mlio wa waya mtupu, mmoja, mrefu. Sikuelewa uso wake. Nilidhani amemkasirikia kaka yake kwa kuondoka.

Mzee Salim aliporudi alifungua kufuli, akazungusha, akaongea na posta. Wakamwambia laini ya kusini ina foleni. Baadaye wakamwambia laini ya kusini imekatika, mvua. Mama Tausi akakaa juu ya gunia la mchele, akasubiri kaka yake apige tena. Aliketi hivyo mchana kutwa, mafuta yakimkaukia mikononi. Yule aliyesukwa nusu alikuja kumchungulia, akarudi na kichwa chake hivyo hivyo. Saa kumi jioni ikasikika honi kutoka bandarini, ile ndefu ya meli inayoondoka. Alinyanyua kichwa kidogo, akakirudisha. Hakuna aliyejua.

Telegramu ilifika siku ya tatu. Mama yake Mama Tausi amefariki, ameshazikwa. Barabara ya Lindi wakati wa masika haipitiki, mto umemeza kila kitu, na meli ya kusini ilikuwa ni ile ya saa kumi, nyingine mpaka wiki mbili. Kaka alikuwa amekaa posta tangu asubuhi kuipata ile laini, amwambie dada yake panda meli ya leo, mama bado anaongea, anakuulizia. Na mimi nilikuwa nimemrudishia mlango usoni.

Hapo ndipo watu wazima walipojionyesha. Mama alinichapa kwa mwiko wa vitumbua mbele za watu, ili waone kwamba amenichapa. Wanawake wa uani, ambao hata mmoja hakuwahi kuishika ile simu bila kutetemeka, wote ghafla walikuwa wanajua inavyowekwa. Lakini Mzee Salim ndiye aliyewazidi. Alisimama mlangoni pa duka, kanzu haina doa, akiwaeleza wapita njia kwamba yeye hana kosa. "Nilimpima mchana kweupe," alisema. "Mkono ulifika sikioni." Alilisema hilo siku nyingi. Nimezika watu wengi tangu hapo, naye nilikwenda kumzika, na hata kaburini sentensi ile ilikuwa kichwani mwangu na nilikuwa bado naidharau.

Mama Tausi aliondoka na meli iliyofuata. Kuanzia siku ile nikawa napita mlango wa nyuma hata kama hayupo. Nilikuwa nimeamua kwamba akirudi atamwambia mama anirudishe Newala kwa bibi, na mama atakubali, na itakuwa haki.

Alirudi baada ya arobaini. Nilikuwa bombani nachota maji. Sikumsikia. Nilisikia tu mkono umenishika kifundo, harufu ya nazi. Akaniburuza mpaka dukani, ndoo ikabaki inafurika. Mzee Salim alianza kutoa pole zake na mkono wake na sikio lake. Mama Tausi akamwomba anyamaze kidogo, ndani ya duka lake mwenyewe, akanyamaza. Sikuwahi kuona jambo hilo kabla wala baada.

Akaondoa kitambaa. Akainua mkonga, akaulaza ubavu juu ya kaunta, polepole, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia.

"Hivi," alisema. "Ukimlaza hivi, bado yupo. Ukimrudisha pale, umemwondoa. Haya, wewe."

Nikaulaza. Nikaogopa kuuachia.

"Tena."

Alinifanyisha mara nyingi, mkono wake juu ya mkono wangu, kila nikimaliza anasema tena. Barazani watoto wamejaa, Shabani mbele yao na kile kichwa chake, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwisho akamgeukia Mzee Salim akamwambia, simu yangu ikija, apokee huyu. Mzee Salim akaokota kitambaa cha mkewe, akakikunja.

Ilikuja, miezi baadaye, wakati wa mihogo mibichi. Kaka yule yule. Nikamwambia asubiri, nikamlaza juu ya kaunta, nikasogea hatua mbili, nikarudi kuinama kusikiliza kama yumo. Alikuwa anakohoa. Nilikimbia ile mbio ambayo sijawahi kuikimbia tena maishani.

Jumatatu, kesho yake ya kile kikao cha simu ya Nasra, nilimwita mwanangu na mkewe dukani. Sikuwahadithia hayo yote, wangeyarekodi. Niliuliza swali moja, ambalo halikuwa kwenye karatasi yao: siku ile mtoto anaanza kuishika hii kitu, na siku inayofuata, na wiki inayofuata, atakaa naye nani? Kila mmoja alikuwa na simu yake mkononi, na ya mwanangu inawaka. Akaniambia, "Mama, kuna programu. Unaiweka mle ndani, inamzuia yenyewe."

Kufuli. Mtu niliyemsomesha mpaka chuo kikuu ananiletea kufuli la Mzee Salim. Lile kufuli lilizuia simu za kutoka. Balaa liliingia kwa upande wa kupokea, ambako alikuwa amekaa mtoto peke yake na mikono safi.

Nikawaambia simu itakaa hapa dukani. Nasra akitoka shule atakuja kwangu, atapokea wateja wangu, nami nimekaa pembeni yake mpaka nitakaposema mimi kwamba amefikia. Mkwe wangu akasema kwa adabu kwamba hiyo ni njia ya kizamani. Nikamjibu ya kizamani naijua vizuri kuliko yeye, ilikuwa mbovu kama ya kwake: wale walipima mkono, hawa wanapima tiki, na wote wakishapima wanaondoka.

Nasra amekuja sasa wiki ya pili. Siku ya kwanza nilimfunga kitambaa kichwani asipate vumbi la stoo, nikamhadithia. Yeye nilimhadithia yote. Alisikiliza huku anakula ubuyu, midomo myekundu.

Jana ikaita. Mteja wa Buguruni, anataka mabeseni makubwa, anataka aongee na bibi mwenyewe. Mimi niko hatua tatu kutoka pale, nahesabu ndoo, namsikia na mtoto anajua namsikia. Angeweza kuninyooshea mkono tu. Nikamwona anamwambia asubiri, anaisogeza simu mbali na ukingo, anailaza juu ya kaunta, taratibu. Akaitazama kidogo. Kisha akazunguka kaunta nzima, akaja akasimama mbele yangu.

"Bibi, unaitwa simu."

Nikaweka ndoo chini. Nikajifunga kanga upya, vizuri, nikaenda. Nilipoiweka sikioni ilikuwa imeshaanza kunuka ubuyu, na mtu alikuwa bado yumo.